Zamu ya Mbu

Kilichompeleka Vernell Tolbert melini kilikuwa kitu kimoja tu, na wala si bahari, maana bahari hakuwa akiipenda hata kidogo. Alitaka kaka yake Otha amwite Mbu. Mara moja tu, kabla jina hilo halijamtoka kichwani kama mengine yote yalivyomtoka.

Mbu ndilo jina lake la nyumbani. Kwao Alabama kila mtu ana majina mawili, moja la shule na la kuandikwa kaburini, na jingine la watu wanaokujua. Ukisikia mtu wa kwenu anakuita lile la kwanza, ujue umekosea mahali. Yeye alipachikwa Mbu akiwa mtoto mwembamba, mguu kama kijiti, kwa sababu popote Otha alipokwenda alimfuata nyuma akimlilia sikioni: na mimi, na mimi, na mimi. Otha akipanda mti, na mimi. Otha akienda kijitoni kuvua, na mimi. Otha alikuwa akijipiga kofi la sikio kama mtu anayefukuza mbu kweli, nyumba nzima hoi kwa kicheko. Sasa huyo Mbu alikuwa na miaka sitini na mitano, magoti mabovu na mwili ulioshiba, na wajukuu waliomwona mkali. Lakini kwa Otha alikuwa Mbu vilevile, mpaka mwaka juzi.

Mwaka juzi ndipo Otha alipoanza kupotea. Kwanza funguo za gari, halafu njia ya kanisani, halafu nyuso za watu. Vernell ni mhudumu wa kanisa, wale wanawake wa nguo nyeupe na glavu nyeupe wanaokuonyesha pa kukaa, na basi, hapo ndipo kaka yake alipomweka na kumwacha. Alimwita dada mhudumu. Dada wa kanisani, si dada wa tumbo moja. Ukimpa maji, asante sana dada mhudumu. Ukimfunga kifungo cha shati, Mungu akubariki dada mhudumu. Otha aliyemjua hakuwahi kumshukuru maishani mwake, alikuwa akimnyang'anya kipande cha mkate mkononi na kucheka. Huyu wa sasa alimshukuru mpaka moyo ukamuuma.

Kila baada ya miaka miwili ukoo wa Tolbert hukutana. Kwa kawaida hukutana nyumbani, kwenye bustani ya mji, chini ya hema, mbavu za nguruwe zikiwa jikoni tangu alfajiri na wazee wakibamiza karata mezani kama wanaigombeza meza. Safari hii vijana walisema wamechoka na nzi, wanataka meli. Basi wakapanda meli kwenye bandari ya Mobile, ukoo mzima, kila tawi na rangi yake ya fulana. Watoto na wajukuu wa marehemu Odessa, mama yao Vernell na Otha, walivaa zambarau, na mgongoni kulikuwa na jina lake, Odessa, kwa herufi za kunakshiwa. Wageni wengine melini walianza kuwapisha kwenye ngazi, maana Tolbert wakianza ile dansi yao ya mistari kwenye sitaha, hakuna atakayepita.

Siku ya kwanza baharini, Vernell alikuwa akitafuta choo akapita mbele ya meza wanakoandikisha matembezi ya bandarini. Ukutani kulikuwa na picha. Watu wawili wamening'inia angani chini ya mwavuli mkubwa wa kitambaa, wamefungwa kamba ndefu inayokwenda hadi kwenye boti, na bahari yote iko chini ya miguu yao. Alisimama pale mpaka akasahau choo.

Mama yao alikuwa mshonaji. Ilikuwa wakati wa vita vya Vietnam, mwaka ule kiwanda cha miavuli ya wanajeshi wanaoruka kutoka ndegeni kilipoanza kuweka wanawake weusi kwenye cherehani badala ya kwenye fagio, na Odessa alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Alirudi jioni macho mekundu na vidole vimechomwa, lakini alirudi na vitambaa. Kipande kikiwa na kasoro ya uzi, jeshi halikitaki, na msimamizi aliwaacha akina mama wachukue. Nailoni nyeupe, nyepesi, ukiipeperusha inakataa kushuka. Foronya zao zilikuwa za nailoni hiyo, na mapazia, na hata nguo zao za ndani, ambazo zilipiga kelele ukikaa kwenye benchi la kanisa.

Siku moja akaleta kipande kikubwa kuliko vyote. Akakikunja, akakiweka juu ya kabati, akasema asikiguse mtu. Sasa mwambie mvulana wa miaka kumi na miwili asiguse kitambaa cha mwavuli. Mama alipokwenda kazini, Otha alifunga kamba za kuanikia nguo kwenye pembe zake nne, akapanda juu ya paa la banda la kukaushia nyama. Vernell akapanda nyuma yake, na mimi, na mimi. Otha akamwambia kamba zinahitaji mtu mmoja wa kuruka na mmoja wa kushika, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa ataruka kwanza kujaribu.

"Mimi leo, wewe kesho," alimwambia. "Na kesho kamba nitaishika mimi, hutaanguka."

Aliruka. Na Vernell yuko tayari kuapa mbele ya mchungaji kwamba upepo ulikuja ukamshika, kwamba kaka yake alikaa hewani kitambo, fulana imejaa, miguu inapiga teke utupu. Halafu akatua katikati ya bustani ya sukuma wiki ya mama, mkono ukavunjika. Alinyanyuka amekunja uso kwa maumivu, udongo mdomoni, na neno la kwanza lililomtoka halikuwa la mkono.

"Nimemwona mama," alisema. "Nimemwona mpaka kule kiwandani, amekaa kwenye cherehani."

Uongo mtupu. Kiwanda kilikuwa nyuma ya kilima. Lakini Vernell alimwamini, na usiku kucha hakulala akiingoja kesho yake, atakapopanda na yeye amwone mama. Kesho yake mama alikuwa ameshakata kitambaa. Alimshonea Vernell gauni la Pasaka, lenye vifungo na mikono ya kufura, na kila mtu kanisani alilisifia, na yeye alilia ibada nzima kwa sababu zamu yake ilikuwa imemkaa mwilini imeshonwa vifungo.

Tangu siku hiyo alimdai. Siku ya harusi ya Otha, Vernell alimnong'oneza, "Zamu yangu je?" Otha aliporudi kutoka jeshini, zamu yangu je. Na Otha jibu lake lilikuwa lilelile, kesho, Mbu. Ikawa ndiyo kwaheri yao. Wakimaliza kuongea kwenye simu hawakusema kwaheri wala usiku mwema. Otha alisema kesho, Mbu, akakata simu. Walipomzika mama yao, wamesimama wawili pale udongo ukiwa bado mbichi, Otha alimshika bega akasema hivyohivyo, na Vernell akajua maisha yataendelea.

Ndiyo maana pale mbele ya picha aliona kama ameitwa. Akajiambia, kaka akikaa chini ya kitambaa kile, akisikia kinavyojaa upepo, atakumbuka. Haiwezekani asikumbuke. Akawaandikisha wawili, Otha na Vernell Tolbert, bandari ya Cozumel, kupaa pamoja.

Rochelle, binti wa Otha, alipopata habari alikuja juu. Rochelle ni mtu mwema, ndiye anayemlea baba yake, anayemwogesha na kumnyoa, na kwa kuwa amechoka ana haki ya kuwa mkali. Lakini ukali wake siku hiyo ulipita kipimo. Alimfuata Vernell mpaka kwenye foleni ya makaroni ya jibini.

"Shangazi, baba hajui hata leo siku gani," alisema. "Unataka kumtundika angani?"

Vernell akamwambia kwamba hata choo baba yake hajui kiliko, mbona anakwenda. Rochelle hakucheka. Akauliza, je, akipata hofu huko juu? Akianza kujifungua mikanda? Vernell akaiweka sahani yake chini. Mwishowe akamwambia ukweli. Akamweleza habari ya jina, na kwamba daktari alishasema moyo wa Otha ni mzima, kinachokufa ni kumbukumbu, na kwamba mkutano ujao wa ukoo ni baada ya miaka miwili.

"Miaka miwili ijayo hatakuwepo hata huyu aliyepo," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wapishi.

Rochelle alimtazama, akamfuta shavu na leso ya karatasi ya mezani. Akasema sawa, lakini atakuwa kwenye boti, na wakimwona mzee amegeuka rangi tu, wanarudi.

Cozumel ilikuwa na jua la kuchoma visogo. Boti ilikuwa ya kijana mmoja aitwaye Eligio, mcheshi, mwenye kofia iliyofifia na Kiingereza cha kuokoteza kwa watalii. Aliwavalisha majaketi ya kuelea majini, akawafunga mikanda kiunoni na mapajani, na alipofika kwa Vernell ilibidi aulegeze mkanda mara mbili. Vernell akamwambia asijisumbue kuficha, anajua ana mwili. Otha alikaa kwenye benchi ameshika magoti, fulana yake ya zambarau imemlegea mabegani, anaitazama bahari kwa adabu kama mtu aliyealikwa nyumba ya watu. Alikuwa na siku nzuri. Alimshukuru Eligio, akamshukuru Rochelle, na Vernell alipomfunga kofia kidevuni alisema, "Mungu akubariki, dada mhudumu."

Boti ikashika mwendo. Eligio na mwenzake wakaufungua mwavuli nyuma, ukajikunjua, ukapiga kofi moja kubwa na kujaa. Ulikuwa wa njano na nyekundu, si mweupe, lakini mlio ulikuwa uleule, Vernell aliusikia hadi kwenye meno. Akamgeukia kaka yake upesi. Otha alikuwa ameinua uso, mdomo wazi, anautazama, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho hakikuwamo tangu mwaka juzi.

Wakamkalisha Vernell kwanza kwenye jukwaa la nyuma, wakamfunga kwenye mti ulioning'inia chini ya mwavuli. Kisha Eligio akampa Otha mkono. Otha akakataa. Hakukataa kwa hofu, alikataa kama mtu anayejua taratibu, akaanza kufungua mkanda wa paja.

"Mimi nilipanda jana," alisema.

Rochelle akainuka, hilo ndilo alilokuwa akilihofia. Eligio akatazama huku na huku, hajui amsikilize nani. Akamwambia mzee kwa upole kwamba wamelipia wawili. Otha akatikisa kichwa.

"Nilipanda jana. Leo zamu ya Mbu." Akageuka, akamtafuta mbele ya boti, nyuma ya usukani, chini ya benchi, na macho yakampita Vernell bila kusimama. "Mbu yuko wapi? Mwiteni, upepo utakwisha."

Hayo ndiyo Vernell aliyokuja kuyatafuta, jina lenyewe lilikuwa limetoka kinywani mwa kaka yake, na lilimchoma kuliko kimya cha miaka miwili. Kwa sababu alikuwa akiitwa na hapo hapo hayupo.

"Ni mimi, kaka," alisema. "Mimi ndiye Mbu."

Otha alimtazama vizuri, akamwonea huruma. "Hapana, dada mhudumu," alisema. "Mbu ni mdogo."

Rochelle akaweka mkono juu ya mdomo. Vernell alikaa pale kwenye jukwaa amefungwa kama mzigo, maji yakimrukia mgongoni, na akajisemea nafsini kwamba yamekwisha, amekuja mbali hivi kuambiwa kwamba hayupo. Angeweza kumwambia Eligio amfungue. Alikuwa hata amefungua kinywa. Lakini Otha alikuwa amesogea karibu, ameinama kumtengenezea mkanda wa bega uliojipinda, na sikio lake lilikuwa hapo hapo, lile sikio kubwa la akina Tolbert, limeota mvi. Vernell hakufikiri. Alilisogelea.

"Na mimi," alimnong'oneza humo sikioni. "Na mimi, na mimi, na mimi, na mimi."

Otha akajipiga kofi la sikio.

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kingo za boti, kicheko kile cha kukwama kooni ambacho Vernell hakuwa amekisikia siku nyingi, na akamtazama usoni, usoni kabisa.

"Haya, haya, Mbu," alisema. "Kelele. Si nimeshasema ni zamu yako?"

Vernell alimwambia wapande wote wawili, nafasi ipo. Otha hakutaka hata kusikia. Ni lazima mtu ashike kamba, alisema, alikwishaahidi. Eligio alikuwa mtu wa kuelewa upesi. Kamba yenyewe iko kwenye mashine na haiguswi, ingekata vidole, lakini alichukua kamba moja nzee iliyofungwa kwenye ndoo, akampa Otha ncha yake, akamwambia hii ndiyo kubwa, mzee, usiiachie. Otha akajikita miguu, akaizungusha kiganjani mara mbili.

"Twende," alisema.

Jukwaa likamtoka Vernell matakoni taratibu, bila kishindo, kama mtu aliyenyanyuliwa na mama yake akiwa nusu usingizini. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele na kelele hazikuja. Mngurumo wa boti ukashuka chini, ukafifia, na pakawa kimya. Hakujua kwamba huko juu ni kimya. Otha hakuwahi kumwambia hilo.

Aliangalia chini. Meli yao ilikuwa ndogo ya kushikika, na bahari ilikuwa na rangi ambazo hakujua zipo. Na nyuma ya boti kulikuwa na nukta ya zambarau, imejikita, imeegemea nyuma kwa uzito wote, mikono miwili imeshika kamba iliyofungwa kwenye ndoo. Hakuwa akitazama bahari wala Rochelle. Alikuwa amemtazama yeye. Vernell alilia bila kujizuia, alilia kwa sauti, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia alicheka pia, akapiga teke hewa kwa miguu yake miwili yenye magoti mabovu. Akatazama juu, kwenye mishono ya kitambaa, akamkumbuka mama yake na macho yake mekundu, ambaye alishona miavuli ya watu wengine mpaka mgongo ukapinda na hakuwahi kupanda chochote kirefu kuliko ngazi za kanisa. Akamwambia, mama, angalia, nimepanda. Alisema kwa mdomo, si kwa moyo tu.

Walipomshusha, Eligio alilegeza mwendo kidogo makusudi, miguu ikagusa maji, kisha akamvuta hadi jukwaani. Otha alikuwa bado ameshika kamba, viganja vimekuwa vyekundu. Rochelle alimwambia baadaye kwamba alijaribu kumpokea kamba akapewa jicho. Otha alimwachia ndoo Eligio, akaja akachutama mbele ya dada yake.

"Umemwona mama?" aliuliza.

Vernell alimtazama Rochelle, ambaye alikuwa amegeuzia uso baharini, mabega yanamtetemeka. Akamrudia kaka yake.

"Nimemwona," alisema. "Amekaa kwenye cherehani. Anasema tusiguse tena vitu vyake."

"Hukumwambia habari ya mkono?"

"Sikumwambia."

Otha akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Walirudi ufukweni wamekaa bega kwa bega, na njia nzima Otha alijigusa sikio mara moja moja na kutabasamu. Vernell hakuthubutu kumsemesha. Aliogopa kwamba akisema neno lisilofaa kitaondoka kilichokuja, na alijua kwamba kitaondoka hata akinyamaza.

Kwenye foleni ya kurudi melini kulikuwa na jua na watu wengi, watoto wa ukoo wamebeba kofia za majani na wamepakwa mafuta ya jua kama maandazi. Waliposogea, Otha alikanyaga vibaya, Vernell akamshika kiwiko, naye akamshukuru.

"Asante sana, dada mhudumu," alisema.

Vernell akasema karibu. Akayakaza macho kwenye jina la mama lililokuwa mgongoni mwa Rochelle mbele yao, akapumua. Alijua ndivyo itakavyokuwa. Alikuwa amepata zaidi ya alichokuja kutafuta, akajiambia asiwe na tamaa. Foleni ikasogea tena. Kisha akahisi mkono wake wa fulana unavutwa, taratibu, kama mtoto anavyofanya akiwa na jambo na anaogopa kukaripiwa. Otha alikuwa amemwinamia. Kule nyuma ya bandari, miavuli ya watu wengine ilikuwa ikipanda, na yeye alikuwa akiitazama.

"Na mimi?" alimnong'oneza sikioni.

Vernell alimtengenezea kofia, akamshika mkono ule uliowahi kuvunjika.

"Kesho," alisema. "Na kamba nitaishika mimi."